JINO LA PEMBE NA DAWA YA PENGO

"Jino la pembe si dawa ya pengo." Ndivyo walivyotuachia wahenga, na maana waliyoikusudia twaifahamu sote: kitu cha kuundwa hakiwezi kushika barabara nafasi ya kile cha asili kilichopotea. Methali hii husemwa msibani, husemwa katika mashauri ya ndoa, na husemwa kila mahali ambapo mtu amejaribu kuziba kwa urahisi jambo lisilozibika. Hata hivyo, maneno hayo, kabla ya kuwa fumbo, ni habari ya kinywa. Yanamhusu mtu mwenye pengo, fundi aliyemchongea jino, na jino lililokataa kutafuna.

Katika makala haya, ndugu msomaji, tunakusudia kuichukua methali hiyo kwa maana yake ya waziwazi. Tutaeleza kwa nini wahenga walisema kweli kwa karne nyingi; tutaeleza ni ugunduzi gani uliofanyika nchini Sweden ukaipunguza kweli hiyo kwa kiasi kikubwa; na tutaeleza kwa nini, hata baada ya ugunduzi huo, familia yenye mzee kibogoyo yapaswa kufikiri vema kabla ya kutoa fedha zake.

MZEE ANAPOJITENGA NA SINIA

Mtu mzima ana meno 32, ukihesabu na magego ya mwisho. Aghalabu meno hayo hayapotei kwa siku moja. Gego hutoboka, huuma usiku kucha, hung'olewa, na mwenyewe hushukuru kwa kupata usingizi. Baada ya miaka michache hufuata jingine. Fizi nazo, zikiachwa na ukoga kwa muda mrefu, huvimba, hutoka damu, na hatimaye huliachilia jino ambalo lenyewe halina tundu hata moja. Hivyo ndivyo mtu anavyofika uzeeni akiwa na meno machache ya mbele, kisha akawa hana kabisa.

Sisi tumezoea kuliona jambo hili kuwa ni sehemu ya uzee, kama vile mvi na mkongojo. Watoto humcheka kibogoyo, naye hucheka pamoja nao. Lakini hebu tuangalie yanayofuata baada ya kicheko hicho. Mzee huanza kuchagua chakula. Makande huyaacha kwanza, kisha nyama, kisha karanga, muwa na mahindi ya kuchoma. Embe lisiloiva sana humshinda, na mboga zenye nyuzi humkwama. Hubaki na uji, wali uliolainika, ndizi zilizopondwa na chai. Kwa njia hiyo hukosa vyakula vingi vya kujenga na kuulinda mwili wakati ule ule ambapo mwili wake unavihitaji zaidi.

Maneno nayo huharibika. Sauti za f na v hutaka meno ya juu yaguse mdomo wa chini; sauti za th na dh hutaka ulimi ukutane na meno. Asiye na meno hutoa upepo mahali pa sauti, na wajukuu humtaka arudie kila alisemalo. Mashavu hubonyea, midomo huingia ndani, pua na kidevu hukaribiana. Bibi aliyekuwa mcheshi huanza kufunika kinywa kwa ncha ya khanga. Mwisho huomba aletewe chakula chake chumbani, akisema kwamba siku hizi huchoka kukaa mkekani. Kumbe hajachoka. Anaona haya kumumunya tonge moja wakati wenziwe wamekwisha kula matano.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Penye sinia ndipo mzee anapotoa mashauri, anaposimulia ya zamani na kuwafunza watoto adabu ya kula na watu. Akiondoka hapo, aliyepata hasara si yeye peke yake.

PEMBE YA KIBOKO NA MENO YA WAFU

Juhudi za kuliziba pengo ni za zamani sana, na wakubwa wa dunia hawakupona adha yake. George Washington, Rais wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa tarehe 30 Aprili, 1789, alikuwa amebakiwa na jino moja tu kinywani. Daktari wake wa meno, John Greenwood, alimtengenezea meno ya bandia kwa pembe ya kiboko, akaacha tundu la kupitishia jino lile moja, na akatia springi za kuyasukuma meno ya juu na ya chini yasidondoke. Watu wengi wamesimuliana kwamba meno ya Washington yalikuwa ya mti, lakini sivyo. Katika seti zake mbalimbali zilitumika pembe, madini, na meno ya binadamu.

Daftari la hesabu za Washington la mwaka 1784 lina mstari unaotaja fedha walizolipwa Watu Weusi kwa meno tisa. Mtu huyo alikuwa na watumwa wengi katika shamba lake. Msomaji wa Kiafrika hataupita mstari huo bila kusita, kwani unaonyesha kwamba zamani zile jino la mnyonge lilikuwa bidhaa kama bidhaa nyingine. Hata Ulaya mambo hayakuwa bora. Baada ya vita vya Waterloo vya mwaka 1815, meno yaling'olewa vinywani mwa askari waliokufa, yakauzwa kwa watengenezaji wa meno ya bandia. Kwa muda mrefu meno ya namna hiyo yaliitwa "meno ya Waterloo".

Pembe haikai vema kinywani. Hufyonza mate, hubadilika rangi, huoza polepole na kunuka. Kwa hiyo mafundi waliendelea kutafuta. Katika miaka ya 1850 walianza kutumia mpira uliokaushwa na kuwa mgumu, na katika miaka ya 1930 wakapata plastiki ya akriliki, ambayo hadi leo ndiyo itumikayo zaidi. Plastiki hiyo haiozi, hutiwa rangi ya ufizi, na hufinyangwa kwa kufuata umbo la kinywa cha mtu mmoja mmoja. Bei ilipungua, sura ikapendeza. Lakini shida kubwa ilibaki pale pale. Meno ya plastiki, kama yalivyokuwa ya pembe, yanakaa juu ya ufizi bila kushikwa na kitu.

TAYA LINALOSINYAA

Ili tuielewe shida hiyo, yatupasa kwanza tujue jinsi jino la asili linavyokaa. Sehemu tuionayo ni nusu ya jino au pungufu. Iliyobaki ni mzizi uliozama ndani ya mfupa wa taya, nao umefungwa kwenye mfupa huo kwa nyuzi nyingi ndogo. Mtu anapotafuna, jino hukandamizwa, nyuzi huvutika, na mfupa hupata habari kwamba una kazi. Mfupa wenye kazi hujijenga.

Jino liking'olewa, mfupa ule uliokuwa ukilishika hauna kazi tena. Huanza kunywea, kama mguu unavyokonda ukikaa miezi mingi ndani ya plasta. Kunywea huko huwa kwa kasi zaidi katika mwaka wa kwanza, kisha huendelea polepole maisha yote. Mwaka 1972 mtafiti Antje Tallgren alitoa matokeo ya kazi yake juu ya watu wenye meno ya bandia, ambao baadhi yao walifuatiliwa kwa miaka 25. Alionyesha kwamba mfupa uliendelea kupungua miaka yote hiyo, na kwamba taya la chini lilipungua kiasi cha mara nne ya taya la juu.

Tofauti hiyo ya juu na chini ndiyo inayoeleza malalamiko yasikikayo kila mahali. Meno ya bandia ya juu hulala juu ya kaakaa, ambalo ni pana. Mate hutanda kati ya plastiki na kaakaa, na bamba likanata kama kioo kinatavyo juu ya kioo kingine chenye maji. Meno ya chini hayana kaakaa. Yanakalia ukingo mwembamba wenye umbo la kwato, ulimi ukiwa katikati na misuli ya mashavu ukingoni, na kila kimojawapo huyasukuma mtu anapozungumza. Kwa sababu hiyo, aliye na meno ya bandia kamili hutafuna kwa nguvu ambayo kwa kawaida haifiki hata robo ya nguvu ya mwenye meno yake.

Yale yaliyomkaa vizuri mwaka wa kwanza, mwaka wa tano yanacheza. Plastiki haikubadilika, taya ndilo lililobadilika. Mzee huanza kupata vidonda, huyatia kabatini, akayavaa siku za arusi na za kupigwa picha tu. Basi wahenga walisema kweli. Kosa, hata hivyo, halikuwa katika pembe. Kosa lilikuwa kwamba jino la pembe halina mzizi.

SUNGURA WA LUND

Mzizi wa bandia ulipatikana kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Mwaka 1952, katika mji wa Lund nchini Sweden, daktari mtafiti aitwaye Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza jinsi damu inavyopita ndani ya mfupa. Hakuwa akishughulika na meno. Alipachika vyombo vidogo vya madini ya titaniamu katika mifupa ya miguu ya sungura, ili aweze kuitazama damu kwa darubini. Uchunguzi ulipokwisha alitaka kuvitoa vyombo vile ili avitumie tena. Havikutoka. Mfupa ulikuwa umeota na kushikamana na madini yenyewe.

Hali hiyo haikuwa ya kawaida. Mwili ukiingiliwa na kitu kigeni, kwa desturi hukizungushia utando laini na kukitenga, kama unavyofanya kwa mwiba. Titaniamu ina tabia yake. Ikiguswa na hewa hujifunika mara moja kwa ngozi nyembamba sana ya oksaidi, ngumu na isiyoyeyuka katika majimaji ya mwili, na chembechembe za mfupa hukubali kuota juu yake.

Brånemark alifanya majaribio kwa miaka mingi kabla ya kumgusa mwanadamu. Mwaka 1965, katika mji wa Gothenburg, alimpata Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro kubwa za taya na asiyekuwa na meno katika taya la chini. Alimwekea vipandikizi vinne vya titaniamu, na juu yake akajengewa meno. Larsson aliyatumia meno hayo zaidi ya miaka 40, hadi alipofariki mwaka 2006.

Madaktari wengi walikataa kuamini kwa muda mrefu. Walikwisha kuona vipandikizi vya namna nyingine vikilegea na kuleta usaha. Mkutano uliofanyika Toronto, Kanada, mwaka 1982, ambapo matokeo ya Sweden yaliwekwa mbele ya wataalamu wa Amerika ya Kaskazini, ndio uliofungua mlango. Brånemark alifariki mwaka 2014, na wakati huo kazi yake ilikwisha kuenea duniani kote.

Hapa yafaa tueleze neno lenyewe, lisije likaleta mchanganyiko. Vipandikizi tunavyovizungumza si vile viwekwavyo mkononi kwa ajili ya uzazi wa mpango. Hivi ni parafujo ndogo za titaniamu, zenye unene wa milimita 4 hivi na urefu wa milimita 10 hivi, zinazozamishwa katika mfupa wa taya ili ziwe mizizi.

PARAFUJO MBILI ZATOSHA

Watu wengi wakisikia habari ya kupandikiza meno hudhani kwamba kila jino lililopotea lapaswa kupata parafujo yake, na kwamba kibogoyo atatobolewa taya mara 28. Dhana hiyo huwatisha, na pia huwafanya waone kuwa jambo hili ni la matajiri peke yao. Kweli ni kwamba kwa taya la chini, lile lenye shida zaidi, mara nyingi parafujo mbili zatosha.

Mwezi wa Mei mwaka 2002, wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Kanada, walitoa tamko kwamba meno ya bandia yanayoshikwa na vipandikizi viwili ndiyo yapaswayo kuwa chaguo la kwanza kwa mtu asiye na jino lolote katika taya la chini. Mwaka 2009 wataalamu wenzao waliokutana York, Uingereza, waliliunga mkono jambo hilo.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuufikiria. Parafujo mbili huwekwa upande wa mbele wa taya, moja kulia na moja kushoto, karibu na mahali yalipokuwa meno ya chonge. Sehemu hiyo ina mfupa mgumu, na haina ule mshipa mkubwa wa fahamu upitao ndani ya taya upande wa nyuma. Juu ya kila parafujo hufungwa kichwa kidogo kinachotokeza kidogo tu juu ya ufizi. Chini ya bamba la plastiki hutiwa kikombe chenye mpira wa kubana. Mzee akiyavaa meno yake, hubonyeza, na kikombe hukamata kichwa cha parafujo kama kifungo cha kubonyeza kinavyokamata nguo. Mafundi wengine huziunganisha parafujo kwa ufito wa madini, na wengine hutumia sumaku.

Meno hayo hutolewa kwa mkono wakati wa kuyasafisha. Hayawi sawa na meno ya asili, na anayeahidi hivyo anadanganya. Parafujo haina zile nyuzi zinazolihisi punje ya mchanga ndani ya wali. Lakini bamba halichezi tena, vidonda hupungua, na mtu huweza kuzungumza na kucheka bila kuogopa kwamba meno yatamtoka. Fauka ya hayo, mfupa ulioizunguka parafujo hupata tena kazi, na kunywea kwake hupungua sana mahali hapo.

Taya la juu ni habari nyingine. Mfupa wake ni laini zaidi, na juu ya magego kuna uwazi wa hewa unaopunguza nafasi ya parafujo. Huko kwa kawaida hutakiwa vipandikizi vinne au zaidi. Kwa kuwa meno ya juu ya kawaida hushika vizuri kwa sababu ya kaakaa, watu wengi huridhika na bamba la kawaida juu na parafujo mbili chini. Vile vile ipo njia ya kufunga meno yote ya taya moja juu ya vipandikizi vinne au zaidi yasitoke kabisa isipokuwa kwa mkono wa daktari. Njia hiyo ni nzuri, lakini gharama yake hupanda mara nyingi zaidi.

KAZI INAVYOFANYIKA

Kazi huanza kwa uchunguzi na picha ya eksirei, ili kujulikana mfupa una urefu na unene gani na mshipa wa fahamu umepita wapi. Daktari anayekubali kutoboa taya bila picha ni wa kukimbiwa.

Siku ya kazi mgonjwa hupigwa sindano ya ganzi, kama ile ya kung'olea jino. Ufizi hufunguliwa, na tundu hutobolewa taratibu kwa mashine huku maji yakimiminwa wakati wote. Maji hayo yana sababu kubwa. Utafiti uliofanyika Sweden katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba mfupa ukipata joto la nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja tu, huumia hata ukashindwa kujijenga, na parafujo iliyotiwa katika mfupa ulioungua hailindwi na kitu. Baada ya tundu kuwa tayari, parafujo hukazwa na ufizi hushonwa.

Uvimbe na maumivu ya siku chache ni vya kawaida. Kinachofuata ni subira. Mfupa huachiwa muda wa kushikamana na madini, kwa desturi miezi 3 kwa taya la chini na hata 6 kwa taya la juu. Siku hizi wapo madaktari wanaofupisha muda huo pale hali ya mfupa inaporuhusu. Wakati wote wa kungoja, mzee hutumia meno yake ya zamani yaliyopunguzwa kidogo chini ili yasizikandamize parafujo. Kazi ya fundi wa meno huja mwisho, ya kuunganisha bamba na vichwa vya parafujo.

Katika taya la chini upande wa mbele, uzoefu wa nchi nyingi umeonyesha kwamba zaidi ya vipandikizi 90 katika kila 100 hubaki imara baada ya miaka 10. Vinavyoshindwa vingi hushindwa mapema, kabla ya kupewa mzigo.

NANI ANAFAA NA NANI ANGOJE

Uzee peke yake si kizuizi. Mzee wa miaka 80 mwenye afya anaweza kufanyiwa kazi hii, kwa kuwa mfupa wake bado unao uwezo wa kujijenga. Kijana ambaye taya lake bado linakua ndiye apaswaye kungoja, kwani parafujo haikui pamoja na mfupa.

Mwenye kisukari kisichodhibitiwa hukawia kupona na hushambuliwa upesi na vijidudu. Huyo atatuliza kwanza sukari yake. Mvutaji wa sigara huupunguzia ufizi damu, na vipandikizi vyake hushindwa mara nyingi zaidi kuliko vya asiyevuta. Aliyewahi kuchomwa kwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni, na anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, hasa zile za sindano wapewazo wagonjwa wa saratani, hana budi kumweleza daktari mapema, maana mfupa wake huweza kukataa kupona. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda naye aseme, wala asiziache kwa shauri lake mwenyewe.

Hatari nazo zitajwe wazi. Parafujo ikiwekwa mahali pasipofaa huweza kuugusa mshipa wa fahamu, na mdomo wa chini ukabaki na ganzi kwa muda mrefu au daima. Na ijapokuwa titaniamu haitoboki kama jino, ufizi unaoizunguka huweza kuugua. Ukoga ukiachwa hapo, ufizi huvimba, usaha hutoka, mfupa huliwa kimya kimya bila maumivu makubwa, na siku moja parafujo hulegea.

SHAURI LA NYUMBA NZIMA

Katika nchi zetu huduma hii hupatikana zaidi katika miji mikubwa, na vifaa vyake hutoka ng'ambo. Kwa hiyo bei yake huzidi mara nyingi ile ya meno ya bandia ya kawaida. Familia ikichanga fedha isihesabu siku ya kwanza peke yake. Ihesabu picha, nauli za kwenda na kurudi mara kadhaa, na vile vipira vya kubana ambavyo huchakaa na kutakiwa kubadilishwa. Waulize kabla ya kuanza: parafujo hizi ni za kampuni gani, na vipuri vyake vitapatikana hapa nchini baada ya miaka 10? Mgonjwa apewe kwa maandishi jina na kipimo cha kilichowekwa taya mwake. Bila karatasi hiyo, daktari mwingine atahangaika kuitafuta bisibisi inayoingia.

Baada ya fedha huja mikono. Vichwa vya parafujo hupigwa mswaki laini asubuhi na usiku, kwa makini kabisa pale vinapotokeza kwenye ufizi. Bamba huoshwa kwa sabuni na maji, si kwa dawa ya meno yenye chembe zinazoikwaruza plastiki, na husuguliwa juu ya beseni lenye maji ili likiponyoka lisivunjike. Usiku hutolewa, likalazwa ndani ya maji safi, kwani ufizi unaofunikwa usiku na mchana huota utando wa ukungu na kuwa mwekundu. Na kila mwaka mgonjwa humwona daktari, hata kama hana maumivu.

Sasa mzee ambaye mikono yake inatetemeka, au ambaye macho yamepungua nuru, atawezaje kazi hiyo? Hili ndilo swali ambalo familia nyingi hulisahau. Kabla ya kukubali, waketi pamoja na mzee mwenyewe, wamsikilize anataka nini, kisha waseme waziwazi ni binti gani, mwana gani au mkwe gani atakayemsaidia kusafisha na kumpeleka kliniki, leo na miaka 5 ijayo. Kipandikizi katika kinywa kisichotunzwa ni mlango wa maradhi. Ikiwa mtunzaji hayupo, meno ya bandia ya kawaida yaliyotengenezwa vizuri, na kurekebishwa kila taya linaponywea, ni heri kuliko parafujo zilizosahauliwa. Nayo si aibu. Watu wengi duniani wanaishi nayo.

Kwa wale ambao bado wana meno, neno letu ni fupi. Jino liumalo si lazima ling'olewe. Likiwahiwa huweza kuzibwa, au kusafishwa mzizi na kubaki kazini miaka mingi. Hata shina la jino moja la chonge, likiwa zima, daktari huweza kuliacha chini ya bamba ili liuhifadhi mfupa na kulishika bamba lenyewe. Kila mzizi uliookolewa ni parafujo ambayo hukuinunua.

Na kwa yule aliyekwisha kuwa kibogoyo, asiambiwe kwamba ndio uzee. Apelekwe kwa daktari wa meno, achunguzwe taya, aelezwe njia zote pamoja na bei ya kila moja, kisha achague yeye. Wakati shauri hilo linaendelea, mpishi wa nyumba anaweza kufanya jambo moja leo hii bila kungoja fedha: nyama isagwe au ichemshwe mpaka ilainike, mboga zikatwekatwe, maharage yapondwe, watu wapunguze haraka ya kula, na mzee arudishwe mkekani.